Subaru ya turbo inavuja oili? Anza na valvu ya kupumulia injini

Subaru nyingi za turbo zinazoletwa gereji kwa kuvuja oili huishia kufunguliwa injini na kubadilishwa sili, kisha baada ya muda mfupi oili inarudi kuchuruzika pale pale. Sili hazikuwa na kosa, zilisukumwa na presha iliyokosa pa kutokea. Kwa hiyo kabla hujakubali injini ishushwe, kagua mfumo wa kupumulia. Ni kazi ya asubuhi moja nyumbani. Hapa nazungumzia injini ya EJ20 ya turbo, ile ya Impreza WRX na Forester, yenye intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyolala juu ya injini chini ya tundu la hewa la boneti.

Elewa kwanza inavyopumua. Mafuta yanapoungua, gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye chumba cha krankishafti. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, manifoldi (bomba la kugawa hewa kwenye silinda) huinyonya gesi hiyo kupitia valvu ndogo ambayo mafundi wanaiita PCV. Ukikanyaga mafuta turbo ikaanza kusukuma hewa, valvu inatakiwa kujifunga, na gesi ipite njia ya pili: mipira ya tapeti kava (vifuniko vya valvu za injini) za pande zote mbili, inayoishia kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Valvu ikikwama wazi, turbo inapuliza ndani ya injini yenyewe. Mipira ikiziba, gesi inatafuta upenyo kwenye sili. Na mvuke wa oili ukizidi kwenye hewa inayoingia, injini huanza kugonga (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda), jambo ambalo pistoni za EJ20 hazilivumilii.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kufungua. Pasha injini moto, iache kwenye sailensa, fungua kifuniko cha oili kisha uzibe tundu lake kwa glavu nyembamba ya mpira. Glavu ikivutwa ndani kidogo au ikilegea tu, hali si mbaya. Ikivimba, gesi haitoki. Tazama pia chini ya kifuniko. Ute mweupe kwa gari la safari fupi za asubuhi ya Iringa au Limuru unaweza kuwa ni unyevu tu, lakini tope jeusi linakuambia mipira nayo imeshika uchafu.

Hatua ya pili: toa intakula. Subiri injini ipoe kabisa, maana turbo iko hapo hapo. Piga picha kila mpira ulivyokaa. Legeza klipu ya upande wa throtoli (mlango wa hewa ya injini), fungua bolti za upande wa turbo, za valvu ya kupunguza presha na za kushikilia intakula, kisha inyanyue taratibu. Ziba mdomo wa turbo na wa throtoli kwa vitambaa vikubwa vinavyoonekana. Nati moja ikidondokea humo, gharama inakuwa nyingine kabisa. Utando mwembamba wa oili ndani ya intakula ni kawaida. Ikimwagika oili ukiiinamisha, ioshe kwa petroli nje ya nyumba, mbali na moto, na uiache ikauke kabisa.

Hatua ya tatu: valvu yenyewe. Utaiona chini ya pale intakula ilipokuwa, nyuma ya throtoli, imeunganishwa na mpira unaotoka kwenye bloku. Fungua kwa soketi inayokaa sawasawa. Isafishe kwa kabureta klina, kisha itikise: lazima igongegonge ndani. Sasa chukua kipande cha mpira safi upulize. Kutoka upande wa bloku kwenda manifoldi hewa ipite, na kutoka manifoldi kurudi bloku izuiliwe. Kipimo hiki cha pili ndicho kinachotupwa na wengi, wakati kwenye turbo ndicho chenye uzito. Ikipitisha hewa pande zote, usihangaike kuiosha tena, nunua mpya.

Ukienda kununua vipuri Kirinyaga Road ya Nairobi au Kariakoo ya Dar es Salaam, beba namba ya chesi na valvu ya zamani. Usikubali ya injini isiyo na turbo hata kama inafanana, kwa kuwa haikutengenezwa kuzuia presha ya turbo.

Hatua ya nne: mipira. Ikunje kwa vidole. Iliyokauka ikapasuka au iliyolainika kama ulimi, badilisha yote, ukitumia mpira unaostahimili oili na joto. Mpira wa maji utavimba. Wapo wanaoichomoa mipira na kuiacha ikining'inia ili "injini ipumue". Nalipinga jambo hilo kabisa: vumbi la barabara zetu linaingia kwenye oili, na oili inadondokea ekzosi yenye moto.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua. Anza uzi wa valvu kwa mkono, kaza kwa kiasi, na utoe vitambaa vyote. Kagua na chujio la hewa, kwani likiziba turbo hunyonya oili zaidi kupitia mipira hiyo. Oili isizidi alama ya juu ya kijiti.

Washa, sikiliza kama kuna mlio wa hewa inayovuja, kisha rudia kipimo cha glavu. Glavu ikiendelea kuvimba wakati valvu ni mpya na mipira iko wazi, gesi imezidi ringi zenyewe. Hapo peleka gari likapimwe kompresheni (presha ya ndani ya silinda) kwenye silinda zote nne, na usilikanyagie mpaka turbo isukume kabla hujapata majibu.