Unataka kuvua trauti kwa flai? Anza na laini, sio fimbo

Swali la kwanza ambalo karibu kila mtu huuliza akitaka kuanza kuvua trauti, wale samaki wa maji baridi ya mlimani, kule Naro Moru, Nanyuki ama kwenye mito ya Aberdare ni ninunue fimbo gani. Naelewa, fimbo ndo inaonekana na ndo inapendeza kwa macho, lakini kabla hujatoa hata shilingi elewa kitu kimoja: flai haina uzito. Ni ndoano ndogo imefungwa manyoya na nyuzi, ukiirusha kwa mkono haifiki hata hatua mbili. Kwenye uvuvi wa kawaida chubwi ndo inavuta mshipi uende mbali, huku kwetu laini yenyewe, yaani mshipi wa kurushia flai, ndo nzito na flai inafuata tu nyuma yake. Ukishaelewa hapo, kununua vitu na kujifunza kurusha vyote vinakuwa rahisi, kwa sababu kila unachofanya ni kusaidia ile laini inyooke.

Kwa hivyo pesa yako nzuri iende kwa laini. Laini zina namba za uzito, ndogo ni nyepesi, kubwa ni nzito, na kwa mito yetu ya mlimani namba 4 ama 5 inatosha kabisa. Futi 30 za kwanza za laini namba 5 zina uzito wa kama gramu 9, ni huo tu unaobeba kila kitu. Kwenye boksi utaona WF5F: herufi mbili za kwanza zinamaanisha uzito umewekwa upande wa mbele, 5 ni hiyo namba, F ya mwisho ni kwamba inaelea. Chukua hiyo. Laini za kuzama achana nazo kwanza, hizo ni za mabwawa na maziwa yenye kina na zinasumbua sana mtu anayejifunza. Laini ya bei ya kutupa huwa inajikunja kama springi na haitelezi kwenye pete za fimbo, utafikiri tatizo ni mkono wako kumbe ni laini.

Fimbo sasa. Namba yake ilingane na ya laini, imeandikwa pale juu ya mshiko, laini 5 na fimbo 5, basi. Urefu futi 8 na nusu mpaka 9 ni mzuri kwa kujifunza, ila kama unajua utakuwa kwenye vijito vya msituni vyenye matawi kila mahali, futi 7 na nusu ama 8 itakupa raha zaidi. Chagua isiyo ngumu sana, ile inayopinda mpaka katikati, sababu inakuonyesha kwa mkono kwamba laini imeivuta. Fimbo ngumu zinazouzwa ghali ni za watu walioshazoea. Na usidharau mtumba! Fimbo nzuri haizeeki haraka, kagua tu maungio yasiwe yamelegea na pete zisiwe na mikwaruzo itakayokata laini.

Rili, kile kigurudumu cha kukunjia laini, kwa trauti wetu ni mahali pa kuiwekea tu, samaki wengi wa vijito ni wadogo na unawavuta kwa mkono, kwa hivyo yoyote iliyo nyepesi na inayozunguka bila kukwama inafaa. Chini ya laini weka uzi wa akiba kidogo, mita 50 hivi, ujaze rili.

Mbele ya laini kuna lida, huo uzi usioonekana unaoanza mnene na kuishia mwembamba, urefu futi 9 kwa maji ya wazi, futi 7 na nusu kwa vijito. Mwishoni unaunga tipeti, kipande cha uzi mwembamba kinachofungwa flai, 5X ni saizi ya kuanzia, unene wake kama milimita 0.15. Kumbuka namba ya X ikipanda uzi unapungua unene. Fundo la kufungia flai jifunze moja tu ulijue vizuri: pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, uzungushe kwenye uzi wenyewe mara 5, rudisha ncha kwenye kile kitanzi kilicho karibu na tundu, lowesha kwa mate, kaza polepole. Hayo mate sio mapambo, ukikaza uzi mkavu unapata joto na kudhoofika.

Flai zenyewe usinunue sanduku zima. Pheasant Tail ya kuzama saizi 14, Adams ya kuelea saizi 14 na Woolly Bugger nyeusi ama ya kijani saizi 10, mbili mbili ama tatu tatu, umemaliza. Na hapa nasema kwa moyo wote, Kenya ni moja ya nchi zinazojulikana duniani kwa kufunga flai, wazungu wa Ulaya na Marekani wanavua na flai zilizofungwa na mikono ya watu wetu, sasa mtu wa hapa kuagiza za nje ni kupoteza pesa bure. Tafuta mafundi, nunua kwao, waulize mto fulani msimu huu unataka nini. Ule mwiba wa ndoano ubonyeze kwa plaizi, samaki anatoka salama, na ikikuingia kidoleni utashukuru.

Haya, kurusha. Usianzie mtoni. Tafuta uwanja wa mpira wenye nyasi, funga kipande cha uzi wa sufu mahali pa flai, vaa kofia na miwani, kisha toa laini kama mita 7 nje ya fimbo. Shika fimbo kidole gumba kikiwa juu, mkono mwingine ushike laini usiiachie. Fikiria uso wa saa ya ukutani uko pembeni yako: mbele ni ile namba 10, nyuma ni namba 1, na fimbo inatembea kati ya hizo mbili tu. Anza ncha ikiwa chini karibu na nyasi, inua polepole ukiongeza kasi, fika 1 na simama ghafla. Kusimama ndo kurusha kwenyewe, pale fimbo inaposimama ndo laini inapita juu yake na kufanya kitanzi. Sasa subiri. Geuza kichwa uangalie nyuma kabisa, hakuna aibu, laini ikikaribia kunyooka ndo unaanza kwenda mbele, unaongeza kasi vilevile, unasimama kwenye 10, alafu unashusha ncha laini ikianguka.

Makosa yanajitangaza yenyewe. Ukisikia mlio wa mjeledi nyuma yako hujasubiri, na mtoni mlio huo ni flai imekatika imeenda. Laini ikipiga nyasi nyuma umepeleka fimbo mbali sana ama umekunja kifundo cha mkono, kikaze, wengine huingiza kitako cha fimbo ndani ya mkono wa shati mpaka wazoee. Lida ikijifunga mafundo umepiga mbele kwa nguvu ya ghafla badala ya kuongeza kidogo kidogo. Nguvu karibu kila mara ndo shida, watu wenye misuli huchelewa kujua hii kitu. Dakika 15 kila jioni zinafundisha kuliko Jumamosi nzima ya kuchoka.

Kuna kurusha kwingine ambako kwa mito yetu ni lazima, kwa sababu nyuma yako ni mianzi na miti: hurushi nyuma kabisa. Vuta laini taratibu juu ya maji mpaka fimbo ipite sikio lako kidogo, simama, laini ining'inie nyuma ya ncha, kisha piga mbele na usimamie juu, itajikunjua yenyewe juu ya maji. Hii fanyia kwenye bwawa, nyasi hazishiki laini vile maji yanavyoishika.

Mtoni nenda ukipanda juu, trauti anatazama mkondo unakotoka kwa hivyo ukija nyuma yake hakuoni. Mita 5 ama 6 za kurusha zinatosha, tua flai mbele ya jiwe alipojificha, upande maji yanakotoka, uiache ielee yenyewe.

Trauti hawa sio wa asili hapa, Ewart Grogan aliwaleta Mto Gura mwaka 1905, na serikali ina kituo cha kuwazalisha pale Kiganjo, kwa hivyo uvuvi huu una leseni, ulizia ofisi ya uvuvi kabla ya safari. Ndani ya hifadhi za Aberdare na Mlima Kenya unalipa pia kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la serikali, na omba askari wa kwenda na wewe, ndovu na mbogo wanakunywa maji mto huohuo na kelele ya maporomoko inakuzuia kuwasikia. Mwambie mtu nyumbani uko mto gani na unategemea kurudi saa ngapi, mtandao huko juu ni wa kubahatisha.