Namna ya Kubuni Kitufe cha Mazungumzo Kitakachomfanya Mteja Aandike

Mteja anayebonyeza kitufe cha mazungumzo kwenye tovuti mara nyingi amekwama mahali fulani, naye anataka kujua jambo moja tu kabla hajalipa au hajaondoka. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua rangi na umbo, amua ni nani atakayemjibu na kwa saa zipi, kwa sababu kitufe hicho ni ahadi.

Kazi kubwa imo katika maneno. Alama ya kiputo peke yake humwachia mteja kubahatisha, na hata "Wasiliana nasi" haimwambii atasaidiwa nini. Katika ukurasa wa viatu andika "Uliza kuhusu saizi", katika ukurasa wa malipo, "Malipo yamekwama? Tuandikie". Saa za kazi zikiisha, maneno yabadilike yenyewe yawe "Acha ujumbe, tutakujibu kesho saa 3 asubuhi", na kama anayejibu ni programu, mteja aambiwe hivyo tangu salamu ya kwanza.

Kona ya chini kulia ndiyo ambayo watu wengi wameizoea, nayo hufikiwa kwa urahisi na kidole gumba cha anayeshika simu kwa mkono wa kulia. Hata hivyo, kona hiyo hugombaniwa na kitufe cha kulipia pamoja na tangazo la vidakuzi (cookies), hivyo fungua ukurasa kwenye simu ndogo, uteremke hadi mwisho, ukague kama bei au jumla ya malipo haijafunikwa.

Kuhusu ukubwa, mwongozo wa WCAG 2.2 kuhusu ufikivu, yaani kuhakikisha tovuti inatumika hata na watu wenye ulemavu, uliotolewa mwaka 2023, unataka eneo la kubonyeza lisipungue pikseli 24 kwa 24, na katika ngazi yake ya juu kabisa, 44 kwa 44. Mimi napendekeza 48. Maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na alama kwa 3 kwa 1. Kipe kitufe jina ndani ya msimbo, ili asiyeona alisikie kupitia programu inayosoma skrini.

Dirisha lisijifungue lenyewe wakati mteja bado anasoma. Ile namba nyekundu ya "1", inayodai kuna ujumbe ambao hakuna aliyeuandika, ni uongo, na mteja akishaugundua hataamini hata majibu yako ya kweli. Vilevile, usimdai jina, barua pepe na namba ya simu kabla hajauliza. Mwache aandike kwanza, kisha umwombe namba mazungumzo yakihitaji kuendelea baadaye.

Kitufe kikishaanza kutumika, hesabu wanaokibonyeza na, kando yao, wanaotuma ujumbe. Wengi wakifungua dirisha na kulifunga bila kuandika neno, kiache kitufe kama kilivyo, ukarekebishe salamu na fomu wanazokutana nazo ndani.