Flashi imemaliza kunakili lakini haitoki? Punguza foleni ya kerneli

Wenye steshenari jirani na UDOM mnaotumia Linux, hili linawahusu. Unanakili faili la GB 4 kwenda kwenye flashi, mstari wa kuonyesha kunakili unajaa chapchap, mteja keshanyoosha mkono. Ukibonyeza kuitoa, inagoma dakika kadhaa. Flashi si mbovu. Kerneli, yaani kiini cha Linux, imepokea data kwenye RAM tu, na sasa ndiyo inaiandika.

Kiasi kinachoruhusiwa kusubiri hupimwa kwa asilimia ya RAM iliyopo. Kuna mipangilio miwili ya kerneli: kwa kawaida vm.dirty_background_ratio ni 10, hapo uandishi unaanza chinichini, na vm.dirty_ratio ni 20, hapo programu inayoandika inasimamishwa ingoje diski. Mashine ya GB 16 inaweza kulimbikiza GB 3 hivi. Flashi ya MB 10 kwa sekunde itahitaji dakika 5! Asilimia hizo zilifaa enzi za RAM ndogo.

Weka kikomo cha baiti kwenye /etc/sysctl.d/90-uandishi.conf:

vm.dirty_background_bytes = 67108864
vm.dirty_bytes = 268435456

Kisha endesha sudo sysctl --system. Hizo ni MB 64 na MB 256. Zile za asilimia zitajizima zenyewe.

Flashi yenyewe haitaongezeka kasi, ila mstari utaacha kudanganya. Seva yenye diski za kasi za NVMe msiibane hivi, itapungua kasi bure. Na kabla ya kuchomoa, hasa umeme ukiwa wa kusuasua, andika amri ya sync kwenye terminali, usubiri imalize.