Kagua hivi kabla hujalipia laptop ya mtumba
Wakuu, ukienda kuchukua laptop used usiridhike na stika ya Core i5 (aina ya prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta) tu, muuzaji atakusifia weee lakini i5 ya 2012 na ya 2018 ni mbingu na ardhi. Iwashe, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, ingia Performance, hapo unaona prosesa, RAM (memori ya kufanyia kazi), na diski kama ni SSD (ya kasi) au HDD (ya zamani, ya polepole). Soma namba kamili, mfano i5-8250U, ile 8 ya mwanzo ndo jenaresheni (kizazi cha prosesa), na Windows 11 kwa Intel inataka kuanzia ya 8 kwenda juu, Windows 10 yenyewe sapoti ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025 kwahiyo hapa usilegeze kabisa. RAM ikiwa GB 4 angalia "Slots used" (nafasi za RAM zilizotumika) kwenye Memory, ikisema 1 of 2 kuna nafasi ya kuongeza. HDD isikutishe, utaweka SSD baadae na mashine itachangamka.

Betri sasa: fungua CMD (Command Prompt, dirisha la kuandika amri), andika powercfg /batteryreport, fungua faili litakalotoka, linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa ikijaa), ya pili ikiwa chini ya nusu ya kwanza basi omba upunguziwe bei ya betri mpya.