Somo: Friji ikigoma au pampu ikiungua kipindi hiki cha korona, tufanyeje?

Habari zenu wanachama. Tangu shule zifungwe mwezi Machi mwaka huu wa 2020, simu nyingi ninazopigiwa kama fundi wenu ni za watu ambao vitu vyao bado vizima. Friji inagandisha, pampu inapandisha maji, jiko linawaka, ila mtu hapati usingizi. Ikiharibika leo itakuwaje? Fundi nitamwingizaje ndani wakati nina mzee humu? Spea nitapata wapi, na hela yenyewe iko wapi wakati biashara imesimama?

Hofu hiyo ina msingi. Hapa Dar hatujafungiwa ndani kama wenzetu wa Kigali na Kampala, lakini nyumba zimejaa. Watoto wapo kutwa nzima, friji inafunguliwa kila saa, feni hazizimwi, tivii inaanza asubuhi. Vitu vilivyokuwa vinapumzika sisi tukiwa kazini sasa havipumziki. Spea nazo nyingi za Kariakoo zinatoka China, na viwanda vya kule vilichelewa kufunguliwa baada ya sikukuu yao ya mwaka mpya ya Januari kwa sababu ya ugonjwa huu huu. Wafanyabiashara waliozoea safari za Guangzhou wamekwama. Na masika ndiyo haya, umeme unakatika na kurudi.

Nataka mshike jambo moja leo. Vifaa vingi havifi ghafla, vinaanza kulalamika mapema. Na ni vichache tu ambavyo vikifa nyumba inasimama. Vijue hivyo vichache, vitunze, hivyo vingine viache kwanza.

HATUA YA 1: Chagua vya kuhofia

Chukua karatasi, pita chumba kwa chumba. Kwa kila kifaa jiulize: kikifa usiku wa leo, kesho asubuhi tutashindwa nini? Pasi ikifa utavaa nguo zenye mikunjo, basi. Mikrowevu ikifa utapasha chakula kwenye sufuria. Futa hivyo vyote. Nyumba nyingi nilizozifahamu hubaki na vitu vinne: maji, jiko, friji na simu. Ukiwa na mgonjwa anayetumia dawa zinazotakiwa kukaa kwenye baridi, friji ndiyo ya kwanza.

Mbele ya kila kimoja andika mbadala wake, na uwe mbadala uliopo ndani, si wa kwenda kutafuta siku hiyo. Maji: madumu mangapi yamejaa sasa hivi? Jiko la gesi: jiko la mkaa lipo, na gunia lina mkaa? (Mkaa upikiwe nje au barazani. Ukiuwasha chumbani umefunga madirisha, ile hewa yake haina harufu na inaua watu wamelala.)

Karatasi hiyo ibandike jikoni. Nimeona watu wakianza kulala vizuri kwa karatasi tu, kabla sijagusa bisibisi.

HATUA YA 2: Anza na umeme

Hapa ndipo nitakaa sana, kwa sababu vifaa vingi ninavyoletewa havikuchakaa, viliuliwa na umeme.

Anza na plagi ya friji. Iache friji ifanye kazi nusu saa, kisha shika plagi kwa nje. Uvuguvugu kidogo si kitu. Ikiwa ya moto mpaka unaondoa mkono, zima soketi, chomoa, fungua ile skrubu ya katikati uitazame ndani. Mara nyingi utakuta waya wa kahawia umelegea kwenye skrubu yake, ganda lake limekakamaa na kuwa jeusi, na plastiki pembeni imeanza kuyeyuka. Kata kipande kilichoungua, menya waya upya, uzisokote nyuzi zake zote pamoja, ingiza, kaza sawasawa. Hakikisha hakuna unyuzi hata mmoja unaochungulia nje. Kama pini zenyewe zimebadilika rangi, nunua plagi mpya, ni bei ndogo. Na kama soketi ya ukutani nayo imeungua, hiyo ni kazi ya fundi umeme, na meni swichi izimwe kwanza.

Pili, kile kiekstensheni kimoja kilichobeba friji, tivii, birika na pasi. Friji ikae kwenye soketi yake ya ukutani peke yake. Birika na pasi vinavuta umeme mwingi kuliko vyote hivyo. Usivitumie pamoja kwenye waya mmoja.

Tatu, umeme ukikatika, chomoa friji na tivii. Usisubiri kuona. Umeme wetu ni volti 230, lakini unaporudi unaweza kuja juu au ukayumbayumba kwanza. Taa ikiwaka na kutulia, hesabu dakika tano ndipo uchomeke friji. Dakika hizo zina sababu. Kompresa (ile mota ya friji inayosukuma gesi) ikizimwa, gesi ndani yake bado ina presha upande mmoja. Ukiiwasha hapo hapo inajaribu kusukuma dhidi ya presha hiyo, inavuta umeme mwingi, inachemka. Ikirudiwa mara nyingi, koili (waya zilizosokotwa ndani ya mota) inaungua. Kile kifaa cha kulinda friji kinachouzwa Kariakoo, friji gadi, kinafanya kazi hiyo hiyo ya kuchelewesha na kukata volti mbaya. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu mwezi huu, nunua hicho.

HATUA YA 3: Friji yenyewe

Isogeze mbele, iache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Zile waya nyeusi za nyuma ndizo zinazotoa joto. Zikijaa vumbi na utando, kompresa haipumziki. Chomoa, futa kwa brashi laini. Kisha bana karatasi kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila kushikwa, raba imelegea au imejaa uchafu. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke, ujaribu tena kabla ya kuwaza kununua nyingine.

Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, zima uyeyushe. Tafadhali, tafadhali, kisu kisiguse friza. Ukuta ule ni mwembamba na gesi inapita ndani yake. Kitobo kama cha sindano, gesi imeondoka yote, na hiyo si kazi ya kuelekezwa kwa simu. Weka sufuria ya maji ya moto ndani, funga mlango, barafu itaachia yenyewe.

Umeme ukikatika usifungue mlango. Friji iliyofungwa inalinda chakula kama saa 4. Friza iliyojaa na kufungwa inakaa na ubaridi kama saa 48, ikiwa nusu ni kama saa 24. Kwa hiyo friza yenye nafasi ijaze chupa za maji. Zikiganda ndizo akiba yako ya ubaridi.

HATUA YA 4: Maji

Pampu nyingi hapa mjini zinakufa kwa kuzunguka bila maji. Maji ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) hayajatoka, tanki la chini limekauka, mtu amewasha pampu akaenda kuangalia taarifa ya habari. Kila ukiwasha, tazama kwanza tanki la chini, kisha simama hapo mpaka usikie maji yanaingia kwenye simtanki. Kama unaweza, weka swichi ya boya inayokata yenyewe.

Tanki la chini liwe na koki yake. Pampu ikifa mtachota kwa ndoo na maisha yataendelea. Koki zinazodondoka nyingi zinataka washa mpya tu, ile raba ndogo ya ndani ya koki. Nunua chache pamoja na ile tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye nyuzi za bomba, weka ndani.

HATUA YA 5: Gesi

Paka povu la sabuni kwenye regyuleta (kile kichwa cha mtungi) na mpira mzima. Likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja: funga mtungi, fungua madirisha, badilisha kinachovuja. Usipime kwa kiberiti kamwe. Jambo la kipindi hiki: vitakasa mikono vina spiriti. Mikono ikauke kabisa kabla hujawasha jiko.

HATUA YA 6: Fundi kwa simu kwanza

Kabla hujamwita fundi, mpigie picha ya kile kibandiko chenye namba ya modeli, rekodi sauti ya kifaa kinavyolia, mtumie kwa WhatsApp. Sauti inamwambia mengi, na atakuja na spea mkononi badala ya kuja mara mbili. Akifika: maji tiririka na sabuni mlangoni, barakoa kwake na kwenu, madirisha wazi, wazee na watoto chumba kingine. Fundi naye ana familia, asione aibu kukuomba usimsogelee.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mbagala): Shikamoo fundi. Friji yangu inanguruma kidogo, inalia "tik", inanyamaza. Baada ya dakika chache inarudia. Jirani kaniambia kompresa imekufa.

Jibu: Marahaba mwanangu. Ichomoe sasa hivi, usiiache ijaribu usiku kucha. Tazama taa za nyumba: zikiwa hafifu, volti iko chini, na shida inaweza kuwa umeme wala si friji. Taa zikiwa sawa, mshukiwa wa kwanza ni rilei, kile kidude cha kuiwasha kompresa kinachokaa ubavuni mwake. Ni spea ya bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Usikubali hukumu ya kompresa kabla rilei haijapimwa.

Swali (Sinza): Kaka fundi, sina kilichoharibika. Ila naamka usiku kusikiliza kama friji inanguruma. Mume wangu anasema tununue ya pili iwe akiba. Ni sawa?

Jibu: Dada, pole sana. Uko na wenzako wengi. Friji kukaa kimya ni kawaida. Ikifika baridi inayotakiwa kompresa inapumzika, na ukimya huo ni dalili njema. Weka glasi ya maji ndani, iguse asubuhi. Ikiwa ya baridi, kazi imefanyika usiku na wewe ungelala. Ya pili msinunue. Friji ya mtumba inayokaa imezimwa miezi nayo inaharibika, na hela hiyo mnaweza kuihitaji kwa hospitali au chakula. Mpe mumeo kazi ya Hatua ya 2 jioni ya leo, akague plagi zote. Itawasaidia wote wawili.

Swali (Tabata): Bibi yetu anatumia insulini. Friji ikifa tufanye nini?

Jibu: Isiyofunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande hata kidogo, kwa hiyo msiigusishe na barafu. Iliyoanza kutumika, aina nyingi zinavumilia kama wiki nne nje ya friji mahali pasipo joto kali, lakini aina zinatofautiana: someni karatasi yake na mpigieni mfamasia leo, kabla friji haijafa. Kubalianeni pia na jirani mwenye friji nzuri kuanzia sasa. Chungu chenye mchanga mbichi kivulini kinasaidia kupoza, ila hewa ya Dar ina unyevu mwingi, hakipozi kama cha Dodoma. Kiwe msaada wa muda, si tegemeo.

Swali (Kimara): Pampu inanguruma haizunguki.

Jibu: Zima mara moja, koili inaungua hapo. Chomoa. Nyuma kwenye feni ya pampu jaribu kuzungusha shafti (ule mhimili wa katikati) kwa bisibisi. Ikiwa ngumu, imekwama kwa kutu au mchanga. Izungushe taratibu mbele na nyuma mpaka ilegee. Ikiwa laini, mara nyingi kapasita (kidude kinachohifadhi umeme wa kuianzishia mota) imekufa. Hiyo abadilishe anayejua, maana inaweza kukupiga shoti hata umeme ukiwa umezimwa.

Swali (Kigamboni): Birika linachelewa kuchemsha, ndani lina ukoko mweupe. Maji yetu ni ya kisima.

Jibu: Ni chumvi za maji. Kamulia ndimu kadhaa kwenye maji, chemsha, acha yakae saa nzima, mwaga, suuza. Usikwangue kwa kisu.

Swali (Ilala): Nanyunyizia jiki kwenye rimoti, swichi na mlango wa friji kila siku kuua virusi. Kuna madhara?

Jibu: Yapo, mama. Jiki inakula chuma na inakausha raba, na ukinyunyizia swichi unyevu unaingia ndani ambako kuna umeme. Tumia kitambaa chenye maji ya sabuni ukikamue sana, futa, kisha pitisha kikavu. Swichi zote zifutwe hivyo hivyo, kitambaa kisichodondosha tone.

Swali (Temeke): Pangaboi linazunguka polepole hata nikiweka namba 5.

Jibu: Karibu kila mara ni kapasita. Zima meni swichi, panda na mtu akushikie ngazi, fungua kile kikombe cha juu. Ukiifikia, gusanisha miguu yake kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili umeme uliobaki uishe. Piga picha ya waya zilivyokaa kabla hujachomoa chochote. Kapasita ina namba ya mikrofaradi (kipimo cha ukubwa wake) imeandikwa ubavuni. Nunua yenye namba ile ile, usikubali "inakaribiana". Ukimaliza nitumie picha ya waya kabla hujarudisha umeme.