Kabla kiangazi hakijaingia ranchini, hesabu nyasi

Ukanda wa Kongwa mkoani Dodoma una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, kisha ni ukame wa miezi kama saba. Anayengoja ng'ombe watoe mbavu Septemba ndipo aanze kuhangaikia majani ameshachelewa. Maamuzi makubwa ni ya mwisho wa mvua, nyasi zikiwa bado zimesimama.

Anza na kipimo. Tengeneza fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, itupe bila kuchagua mahali, kata kwa mundu majani yote yaliyomo, yaanike yakauke kabisa, uyapime. Rudia sehemu nyingi, na penye vipara usipakwepe (mkono wa mfugaji una tabia ya kuirusha fremu penye majani ya kupendeza). Ukipata wastani wa gramu 150, hekta ina tani 1.5. Nusu ibaki kulinda udongo na mizizi, kwa hiyo haki ya ng'ombe ni kilo 750. Sasa ng'ombe wa kilo 250 hula majani makavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na robo. Ng'ombe 100 kwa siku 210 watamaliza tani 131, ambazo ni hekta 175. Wewe una hekta 120? Basi una ng'ombe zaidi ya thelathini ambao hawana chakula, na wa kuuzwa ni Mei, maksai na vikongwe kwanza, wakiwa bado na nyama. Hapo ndipo wengi tunapogoma. Lakini mnada wa Oktoba utamnunua ng'ombe yule yule kwa bei ya ngozi na mifupa.

Akiba ya malisho nayo hutengwa mvua zikianza. Wasukuma wana ngitili, Wamaasai wana alalili: eneo linafungwa masika na kufunguliwa kiangazi, ndama na wanyama dhaifu wakitangulizwa. Kama watu wasio na hata mita moja ya waya wanaliweza hilo kwa makubaliano ya wazee, ranchi yenye uzio haina kisingizio. Safisha pia mikanda ya kuzuia moto mapema, maana akiba nzima inaweza kwenda kwa mchana mmoja.

Hei (majani ya kukaushwa na kuwekwa akiba) ikatwe nyasi zinapoanza kutoa maua. Ukingoja mbegu zipukutike, unafunga mabua tu. Kabla ya kufunga, sokota konzi ya majani mkononi: yakiwa bado yanapinda kwa ulaini na kuacha ubichi kiganjani, yaache juani. Sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, lililo wazi juu na chini, hutoa robota la kilo 20 hivi. Yapange juu ya kichanja, chini ya paa, na baada ya siku chache ingiza mkono katikati ya rundo. Ukikuta joto, yapangue yote uyaanike upya kabla ukungu haujaingia. Ng'ombe 20 wanaonyonyesha, kwa nyongeza ya kilo 3 kila mmoja kwa siku 60, wanahitaji marobota 180.

Nyasi kavu za Septemba hujaza tumbo bila kunenepesha. Protini ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinavyosaga majani hulegea na ng'ombe hukonda akiwa ameshiba. Kuziba pengo hilo la protini, mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa) yanunuliwe baada ya mavuno, mashine za kukamua zikiwa kazini.

Penye vipara, kusanya mbegu za nyasi ya malisho iitwayo Cenchrus ciliaris mwaka huu. Mbegu mpya hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota, kwa hiyo zitunze kwenye gunia linalopitisha hewa mpaka Novemba. Lowesha 100 kwenye kitambaa uone ngapi zinachipua, kisha kwaruza ardhi na uzisie kavu kabla ya mvua ya kwanza, kina kisizidi sentimita moja. Eneo hilo lisiingizwe mnyama mpaka nyasi zitoe mbegu zake zenyewe.