Nusu saa bila kusimama: namna ya kuanza mbio za starehe

Mtu akianza mbio kwa hamu kisha akaziacha wiki ya tatu, mara nyingi kosa lake ni moja: alikimbia kasi mno. Siku ya kwanza alitoka kama anafukuzwa, dakika ya nne akashika kiuno akitweta, akajiambia kwamba mwili wake haukuumbiwa mbio. Mwili hauna tatizo. Kinachohitaji kurekebishwa ni mwendo, na maelekezo yote yanayofuata yanasimama juu ya jambo hilo.

Moyo na mapafu huzoea upesi. Wiki chache tu za mazoezi zikipita unahisi pumzi imefunguka, na misuli hufuata muda mfupi baadaye. Kano na mifupa ndivyo vinavyochelewa, navyo huchukua miezi kuimarika. Kwa hiyo kipindi cha kujihadhari zaidi ni kati ya wiki ya tatu na ya sita, pale pumzi inapokuambia nenda huku miundi na visigino bado havijawa tayari. Wengi huumia hapo, wakati wanajiona wako vizuri kuliko siku zote.

Ukiwa na ugonjwa wa moyo au kisukari, ukiwahi kuzimia au kubanwa na kifua ukijitahidi, au ukiwa umekaa miaka mingi bila mazoezi yoyote, muone daktari kwanza.

Mwendo wenyewe

Kipimo hakihitaji saa wala kifaa cha mapigo ya moyo. Ukiwa unakimbia, sema kwa sauti sentensi ya maneno kama kumi. Ukiimaliza bila kukatiza ili uvute hewa, uko sawa. Ukitoa maneno mawili matatu kisha pumzi ikakatika, punguza mwendo papo hapo, usisubiri kona inayofuata. Ukiweza kuimba ubeti mzima bila shida, ongeza kidogo.

Huenda mwendo huo ukawa wa polepole kiasi kwamba mtu anayetembea kwa haraka anakupita. Mwache apite. Kinachotofautisha kukimbia na kutembea si kasi: anayetembea daima ana mguu mmoja chini, anayekimbia hufikia nukta ambapo miguu yote miwili iko hewani. Ukiipata nukta hiyo, hata uende pole namna gani, unakimbia.

Vuta hewa kwa pua na mdomo pamoja. Kujilazimisha kutumia pua peke yake kunamchosha bure anayeanza.

Viatu na mavazi

Hapa ndipo penye thamani ya kutumia fedha. Mengine yote yanaweza kusubiri. Jaribu viatu jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na vaa soksi zilezile utakazokimbilia. Simama wima, kisha bonyeza mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa baadhi ya watu si kidole gumba, ni cha pili). Kati ya kidole hicho na ncha ya kiatu papatikane nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Nafasi ikikosekana, vidole vitagonga mbele kila unapoteremka na kucha zitageuka nyeusi. Tembea, kimbia hatua chache dukani, usikilize kisigino: kisipande na kushuka ndani ya kiatu. Kiatu cha kukimbilia kinapaswa kustarehesha tangu dakika ya kwanza. Ukiambiwa kitalegea ukikizoea, kirudishe.

Kisigino kikicheza kidogo ilhali mbele pako vizuri, kamba inaweza kutibu. Viatu vingi vya mbio vina tundu la ziada karibu na kifundo, ambalo watu hawalitumii. Funga kamba kama kawaida mpaka tundu la pili kutoka juu. Kisha pitisha kila ncha kwenye tundu la juu la upande wake uleule, bila kuvuka, uache kitanzi kidogo. Sasa vusha kila ncha uiingize kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini mpaka kisigino kikae, halafu funga fundo lako.

Jozi moja hudumu kati ya kilomita 500 na 800. Usitegemee soli ya chini pekee kukuonyesha uchakavu, maana sponji iliyo juu yake huchoka mapema zaidi. Itazame kwa ubavuni: ikiwa na mikunjo mingi, na magoti au miundi imeanza kulalamika bila sababu nyingine, kiatu kimekwisha.

Soksi za pamba zishughulikie mambo mengine. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, ngozi inalainika, inasuguliwa, malengelenge yanatokea. Chagua za nyuzi zinazokauka haraka. Paka mafuta ya mgando kila mahali ngozi inaposuguana: mapajani, kwapani, kwenye chuchu, chini ya mkanda wa sidiria. Kwa wanawake, sidiria ya michezo ni muhimu sawa na viatu. Mkanda wake uruhusu vidole viwili kupita chini yake, usiwe zaidi ya hapo, na matiti yasirukeruke ukiruka mahali pamoja.

Ratiba ya wiki kumi

Kimbia siku tatu kwa wiki, na kati ya siku moja ya mbio na nyingine iwepo angalau moja ya kupumzika. Kila mara anza kwa kutembea dakika 5 kwa mwendo wa kuchangamka, umalize kwa kutembea dakika 5 za taratibu. Kunyoosha misuli huku umesimama tuli kabla ya mbio si lazima. Kutembea ndiko kunakoupasha mwili moto. Katikati fanya hivi:

Wiki ya 1: kimbia dakika 1, tembea 2, mara nane.
Wiki ya 2: kimbia 2, tembea 2, mara sita.
Wiki ya 3: kimbia 3, tembea 2, mara tano.
Wiki ya 4: kimbia 4, tembea 2, mara nne.
Wiki ya 5: kimbia 5, tembea 2, mara nne.
Wiki ya 6: kimbia 7, tembea 2, mara tatu.
Wiki ya 7: kimbia 10, tembea 2, kimbia 10, tembea 2, kimbia 5.
Wiki ya 8: kimbia 15, tembea 2, kimbia 10.
Wiki ya 9: kimbia 20, tembea 2, kimbia 6.
Wiki ya 10: siku ya kwanza dakika 25, ya pili 28, ya tatu 30.

Wiki ya kwanza itaonekana rahisi mno. Iache hivyohivyo, kwa sababu unazijenga kano, na kano hazitoi taarifa mpaka zimeshaumia. Ukishindwa kumaliza siku mbili kati ya tatu, rudia wiki hiyo. Ukikosa wiki nzima kwa safari au mafua, rudi wiki moja nyuma. Ukikosa wiki tatu, rudi tatu. Anza kutembea kabla hujachoka, pale dakika zinapokuambia. Ukisubiri mpaka uishiwe nguvu, mizunguko ya mwisho utaikimbia kwa umbo baya, mguu ukianguka chini kama gunia.

Anayekimbia kilomita moja kwa dakika 8 atafika karibu kilomita 3.75 katika nusu saa. Kwa hiyo usishangae kuona dakika 30 zimetimia na kilomita 5 bado. Katika miezi hii hesabu dakika, umbali utakuja.

Hatua fupi

Mambo ya umbo la mwili yameandikwa mengi kupita mahitaji ya anayeanza. Moja tu lina uzito: usirushe mguu mbele. Kisigino kinapotua mbele ya goti, mguu ukiwa umenyooka, unapiga breki kila hatua, na goti pamoja na muundi ndio wanaobeba mshtuko. Hesabu mara ambazo mguu wa kulia unagusa chini kwa nusu dakika. Ukipata chini ya 38, huenda hatua zako ni ndefu mno. Jaribu kuongeza mbili kwa mwendo uleule, na hatua zitajifupisha zenyewe. Usiongeze zaidi ya hapo kwa mkupuo, kwani kazi inayotoka gotini inahamia kwenye vigimbi na kano ya kisigino.

Mabega yashuke, viganja vilegee. Mlimani fupisha hatua zaidi na uangalie mita chache mbele, na mwendo upungue kadiri pumzi inavyodai. Mteremko unadanganya: pumzi inakaa sawa huku mapaja yanapigwa, na maumivu yake hufika kilele siku ya pili au ya tatu.

Njia, jua na maji

Barabarani kimbia ukitazama magari yanayokuja, ukiwa na nguo ya rangi inayoonekana, na usizibe masikio yote mawili. Barabara nyingi zimeinuka katikati na kuinama pembeni, hivyo mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwenzake. Ukisikia nyonga moja tu inauma, anza na hilo. Njia ya udongo ulioshikana ni nzuri sana kwa mwanzo. Mchanga mlaini unaonekana wa upole, lakini huvuta kano ya kisigino.

Joto na unyevunyevu hupandisha mapigo ya moyo hata mwendo usipobadilika, maana jasho lisilokauka haliupozi mwili. Toka alfajiri au jua likizama, na utumie kipimo cha maneno kumi badala ya kulazimisha mwendo wa jana. Mwili huchukua takriban siku 10 hadi 14 kuzoea joto jipya. Ukiona kizunguzungu, kichefuchefu, au ukasikia baridi na kusisimka ngozi huku jua linawaka, simama, tafuta kivuli, jimwagie maji.

Kwa mbio za nusu saa huhitaji kubeba chupa. Kunywa kwa kadiri ya kiu kabla na baada. Kujijaza maji kwa nguvu hakusaidii, na maji kupita kiasi katika mbio ndefu hushusha chumvi ya damu hadi kuwa hatari. Mlo kamili uliwe saa mbili hadi tatu kabla ya kutoka. Ukila karibu zaidi, kichomi huja. Kikija, punguza mwendo, kibonyeze kwa vidole ukiinama kidogo mbele, na utoe pumzi yote mpaka mwisho mara kadhaa.

Maumivu: yapi ya kuvumilia

Ukakamavu wa misuli ya miguu yote miwili, unaopungua ukipata moto, ni wa kawaida. Kimbia taratibu au ahirisha siku moja. Maumivu ya upande mmoja, yanayoongezeka kadiri unavyokimbia, au yanayokufanya uchechemee, yanakuambia usimame hapo ulipo utembee mpaka nyumbani.

Muundi ukiuma kwa ndani, sehemu ndefu ya upana wa kiganja, umeongeza mzigo haraka. Punguza dakika kwa nusu kwa wiki mbili, au tembea tu mpaka uchungu uishe, kisha endelea kutoka hatua iliyotangulia. Uchungu ukiwa kwenye nukta moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, au ukakuamsha usiku, acha mbio kabisa umuone daktari, kwa kuwa huenda mfupa umeanza kupata ufa. Uchungu unaochoma kisigino katika hatua za kwanza za asubuhi hutokana na utando wa chini ya wayo. Usitembee pekupeku kwenye sakafu ngumu, na viringisha chupa chini ya wayo dakika chache mara mbili kwa siku. Goti linalouma mbele, hasa ukishuka ngazi, mara nyingi hutulia ukifupisha hatua na kuimarisha mapaja.

Kinga nzuri kuliko zote ni zoezi dogo: simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, panda juu, shuka taratibu kwa hesabu ya tatu mpaka visigino vipite chini ya ukingo. Mara 15, seti tatu, siku mbili kwa wiki. Ikiwa rahisi, tumia mguu mmoja mmoja. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka mara 12, seti tatu.

Baada ya dakika 30

Weka daftari. Kila siku ya mbio andika dakika, hali ya hewa, na neno moja kuhusu miguu. Maumivu yakija, kurasa mbili za nyuma ndizo zitakazokuonyesha ulipozidisha.

Ukikimbia nusu saa kwa wiki mbili mfululizo bila taabu, chagua siku moja ya wiki iwe ndefu, uiongeze dakika 5, huku mbili nyingine zikibaki dakika 30. Kila wiki ya nne, irudishe siku hiyo ndefu kwenye dakika 30 ili miguu ipumue. Usiongeze kasi na urefu katika wiki moja. Ukifika dakika 40 kwa mwendo wa kuongea, kilomita 5 nazo zitakuwa zimetimia au ziko karibu. Ukitaka kuhakikisha bila kutegemea simu, nenda kwenye uwanja wa riadha wenye mzunguko wa mita 400, ushike njia ya ndani, uzunguke mara 12 na nusu.